Mteja Ameuliza: Nani Amjibu?

*Matini ya mazungumzo kwa wenye nyumba za wageni, manahodha, vikundi vya akina mama na wafanyabiashara wadogo wa Ukunda, Diani, Gazi na Msambweni, kuhusu biashara na wateja kwenye mitandao ya kijamii*

Wazee wetu, akina mama, manahodha, vijana wa ufukweni, wenye hoteli na wenye vyumba vya kukodisha, asalaam aleikum. Na wasio wa salamu hiyo, hamjambo.

Salamu ndiyo mada yenyewe. Mtu akipita mbele ya baraza hapa kwetu bila kusalimu, hujadiliwa mpaka jioni. Akisalimu asiitikiwe, hujadiliwa wiki nzima, na safari hii anayejadiliwa ni mwenye baraza. Sasa zitazamwe kurasa za biashara zetu kwenye Facebook, Instagram na TikTok. Mteja wa Nakuru anaandika chini ya picha ya bwawa la kuogelea: "Habari, chumba cha watu wanne ni pesa ngapi wikendi ya Pasaka?" Siku tatu zinapita. Anayefuata kuandika ni mwenye ukurasa mwenyewe, na alicholeta ni tangazo jingine lenye picha ileile ya bwawa. Mteja alibisha hodi, mwenye nyumba akatokea dirishani kupiga mbiu, kisha akarudi ndani.

Wengi wamefundishwa kwamba mtandao ni mahali pa kutangaza. Hupewa hesabu ya wafuasi, hupewa ushauri wa kuposti mara tatu kwa siku, na wapo wanaonunua wafuasi kwa maelfu, watu wasiokuwapo, wasioweza kulala kitandani wala kula samaki wa kupaka. Kinacholeta mgeni ni kile kinachofuata baada ya tangazo: swali lililojibiwa, lalamiko lililosikilizwa, mtu aliyeona kwamba upande wa pili kuna binadamu anayemwelewa. Kwa kaunti hii jambo hilo si la mapambo. Limewahi kuwa suala la chakula mezani.

Mei 2014, Serikali ya Uingereza iliwatahadharisha raia wake wasije Mombasa ila kwa jambo la lazima, kwa sababu ya mashambulizi ya kigaidi ya wakati ule. Eneo lililotajwa lilianzia Mtwapa upande wa kaskazini likaishia Tiwi upande wa kusini. Diani haikuwamo. Uwanja wa ndege wa Moi haukuwamo pia. Hata hivyo kampuni za Thomson na First Choice ziliwarudisha kwao mamia ya wateja waliokuwa likizoni pwani, na zikasimamisha safari zao za ndege za kuja Mombasa kwa miezi iliyofuata. Waliokuwapo Diani wanakumbuka hoteli zilizofunga milango, wafanyakazi waliorudishwa nyumbani, wavuvi waliokosa pa kupeleka kamba na pweza. Tahadhari ile ilikuja kulegezwa Juni 2015.

Mgeni wa Manchester hajui Tiwi inaishia wapi na Diani inaanzia wapi. Mkazi wa hapa anajua kwamba akivuka mto pale msikiti wa Kongo ameingia Diani, lakini katika ramani ya mgeni kuna neno moja tu, Kenya, na limepakwa rangi nyekundu. Tangazo la kulipia, hata liwe na picha nzuri namna gani, halimjibu mtu mwenye hofu. Anayeweza kumjibu ni mtu aliye hapa leo, anayesema kwa ukweli kile kinachofanyika leo: barabara ya ufukweni iko wazi, shule zinasomesha, wageni waliopo ni wachache, ulinzi uko hivi na hivi. Hofu huondolewa na mtu anayejibu. Biashara ambayo haikuwa na mazoea ya kujibu wakati wa raha haikuweza kuyaanza wakati wa shida, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiisikiliza.

Mwaka uliofuata Wakenya walionyesha nguvu ya kujibu. Julai 2015, siku chache kabla ya Rais Barack Obama kuzuru Nairobi, CNN ilieleza kwamba anaelekea kwenye kitovu cha ugaidi. Watu walijibu kwenye Twitter, ambayo siku hizi huitwa X, kwa alama ya #SomeoneTellCNN, ileile waliyoitumia mwaka 2012 kituo hicho kilipowakera kwa mara ya kwanza. Walijibu kwa hasira, kwa mzaha na kwa picha za maisha yao ya kawaida. Agosti mwaka huohuo mkuu wa CNN International, Tony Maddox, alipanda ndege mpaka Nairobi kuomba radhi. Hakukuwa na kampuni ya matangazo iliyolipwa kufanya kazi ile.

Lakini kelele za wiki moja ni rahisi. Kazi ngumu ni kumjibu mtu mmoja, Jumanne asubuhi, anayeuliza kama chumba kina neti ya mbu.

Kuna sababu kazi hiyo imetuangukia sisi sasa kuliko zamani. Hapo awali mgeni wa Diani aliuziwa likizo nzima kwao: ndege, basi, hoteli na chakula. Maswali yake yote aliyamaliza Frankfurt au London, kwa wakala aliyempangia safari. Hoteli haikuzungumza na mgeni. Ilizungumza na wakala. Kisha mambo yakabadilika. Reli ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa katikati ya mwaka 2017. Machi 2020 ndege za kimataifa zikasimamishwa kwa sababu ya korona, zikarejea Agosti. Katika miezi ile mwenye hoteli aliyetaka kuona mgeni ilibidi amtazame Mkenya mwenzake. Mkenya hapitii kwa wakala. Anatazama picha kwenye simu, anaandika WhatsApp, anauliza bei, anauliza kama watoto wanalipa, anauliza kama anaweza kupika mwenyewe, halafu anauliza bei tena. Mazungumzo yale yaliyokuwa yakifanywa na wakala mwenye ofisi yameshuka mpaka kwa msichana wa mapokezi, kwa nahodha, kwa mama mwenye vyumba viwili nyuma ya nyumba yake Ukunda.

Hapo ndipo linapokuja neno linalowachosha wateja kuliko maneno yote: "Njoo inboksi."

Mteja anauliza bei hadharani. Muuzaji anamjibu, "Njoo inboksi." Mwenye biashara ana sababu zake. Hataki jirani aone bei yake akamkata. Anataka kumpima mteja kwanza, ni wa bara, ni wa hapa, ni mzungu, ana gari au amekuja kwa matatu. Ufukweni kupatana bei ni desturi na haina ubaya. Muuzaji na mnunuzi wanatazamana usoni, wanacheka, na kila mmoja anajua mchezo. Kwenye mtandao hakuna uso. Anayeuliza ni mmoja, lakini wanaosoma jibu ni mamia walionyamaza. Wote wale wameambiwa kwa neno moja kwamba bei ya hapa inategemea mtu. Wengi wao hawaendi inboksi. Wanakwenda kwenye ukurasa unaofuata, wenye bei.

Na kama bei za mwananchi na za mgeni wa nje zinatofautiana, ziandikwe zote mbili. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, hufanya hivyo kwa hifadhi zake zote, pamoja na Kisite-Mpunguti hapa kwetu: raia bei yake, mkazi bei yake, mgeni wa nje bei yake, na zote zimetangazwa. Huenda mgeni akanung'unika, lakini hawezi kusema amefichwa. Bei ikipanda Desemba na Pasaka, iandikwe inapanda kutoka ngapi hadi ngapi. Mteja wa Kenya anaelewa msimu. Asichokielewa ni kuambiwa elfu nne leo kwenye simu na elfu saba kesho mlangoni, mizigo ikiwa tayari imeshushwa kwenye tuktuk.

Inboksi ina kazi yake. Nambari ya simu ya mgeni, risiti, tarehe ya kuwasili, nambari ya chumba, hayo ni mambo ya faragha na hayafai kumwagwa mbele za watu. Desturi nzuri ni kujibu swali hadharani kwa faida ya wote, kisha kumwalika mteja faraghani kwa yale yanayomhusu yeye peke yake. Muuzaji akizoea kufuata mpangilio huo, ukurasa wake wenyewe unakuwa kitabu cha maswali na majibu, na wa kesho atakayeuliza kuhusu neti ya mbu atakuta jibu limeshaandikwa.

Mgeni wa kuja kusini ana maswali yake maalumu, na anayeyajibu vizuri anaonekana mwenyeji kweli. La kwanza ni feri. Kila anayetoka Nairobi kwa gari anauliza, "Likoni iko vipi leo?" Hili ni swali la bure kwa mwenye hoteli Diani, mfanyakazi wake mmoja amevuka asubuhi hiyohiyo. Akiandika saa mbili asubuhi kwamba foleni ni ndefu, na kwamba mwenye gari anaweza kukata Miritini apite barabara ya Dongo Kundu atokee Kibundani bila kupanda feri, amemsaidia hata asiyelala kwake. Huyo asiyelala kwake atalikumbuka jina lake safari nyingine.

La pili ni maji. Mgeni anapiga picha ya ufukwe mweupe, anaota kutembea kilomita nzima kando ya bahari, kisha anafika mchana wa bamvua na kukuta mawimbi yanapiga ukuta. Analalamika kwamba picha ilikuwa ya uongo. Picha haikuwa ya uongo, ilipigwa maji yakiwa yamekupwa. Mtu wa pwani amekua na elimu ya bamvua na maji mafu bila kufundishwa darasani, na anadhani kila mtu anaijua. Nahodha anayeandika kila jioni kwamba kesho maji yatakupwa saa fulani na kujaa saa fulani, na kwamba safari ya kwenda kutazama matumbawe itaondoka saa fulani kwa sababu hiyo, ana ukurasa wenye manufaa kuliko hoteli yenye picha mia za machweo.

La tatu ni mwani. Yako majira ambapo mwani hutupwa ufukweni kwa wingi, ukalala mchangani na kunuka. Wapo wanaofuta maoni ya mgeni aliyeuliza kuhusu mwani. Kufuta hakuondoi mwani. Ajibiwe kwamba ndiyo, wiki hii upo, unakuja na upepo na mikondo, una wadudu wanaoliwa na ndege, na sehemu fulani ya ufukwe haina mwingi. Anaweza kuongezewa kwamba kule Kibuyuni, karibu na Shimoni, akina mama wanalima mwani wa aina nyingine na kutengeneza sabuni, na kwamba mgeni akipenda anaweza kwenda kuwatembelea. Hapo lalamiko limezaa safari ya siku moja, na sabuni chache zimeuzwa.

Kwenye lalamiko lenyewe inafaa kukaa kidogo, maana ndiko biashara nyingi zinakoharibikia. Duniani kuna kisa kinachojulikana sana. Mwanamuziki wa Canada, Dave Carroll, alisafiri na ndege za United mwaka 2008, na gitaa lake likavunjwa pale Chicago. Aliomba fidia kwa miezi mingi, akazungushwa ofisi hadi ofisi, mwishowe akakataliwa. Julai 2009 aliweka kwenye YouTube wimbo wa kuchekesha kuhusu gitaa lake. Ulitazamwa na mamilioni. Kampuni ikatafuta njia ya kumlipa baada ya wimbo kutoka, naye hakuhitaji tena. Gharama ya kutengeneza gitaa ilikuwa dola 1,200.

Cha kuangalia pale ni ile miezi kabla ya wimbo. Mtu anayelalamika kwa mara ya kwanza bado ni mteja. Anaamini kuna wa kumsikia. Tuseme mgeni amelala kwenye nyumba ambayo maji yalikatika usiku kucha, na asubuhi akaandika hivyo chini ya ukurasa. Jibu la kwanza linalomjia mwenye nyumba ni la kujitetea: maji yalikatika mtaa mzima, si kwetu tu. Huenda ni kweli. Lakini mgeni hakulipa mtaa mzima. Jibu linalofaa linaanza na pole, linakiri kilichotokea bila kupaka rangi, linasema kimefanywa nini, kama ni tangi limeongezwa au ni kiasi gani kimerudishwa, na linatiwa jina la mtu. Wasomaji mia wanaopita hapo hawajali sana kama maji yalikatika, maana kila Mkenya anajua maji hukatika. Wanatazama mwenye nyumba ni mtu wa namna gani.

Yako malalamiko ya uongo pia, na wako washindani wanaoandika mabaya kwa majina ya kubandika. Ajibiwe mara moja, kwa adabu, aombwe tarehe na nambari ya chumba. Asipokuwa nazo, wasomaji wameona. Kubishana mara kumi mbele za watu ni kuukaribisha umati kwenye ugomvi.

Safaricom, iliyoanzisha M-Pesa mwaka 2007 na yenye wateja karibu kila nyumba, ilifungua ukurasa wa pekee wa kuwahudumia wateja, mbali na ule wa matangazo. Biashara ya vyumba vitatu haihitaji kurasa mbili. Inahitaji tu kujua kwamba mdomo na sikio ni vitu viwili, na kuna wakati sikio lizidi. Funzo jingine linatokana na hao hao wateja wa kampuni kubwa: mtu akilalamika hadharani, matapeli huruka haraka kuliko kampuni, kwa ukurasa wenye jina na nembo zinazofanana, wakimwomba nambari ya kitambulisho na nambari ya siri. Biashara inayochelewa kujibu inawaachia matapeli nafasi ya kumjibu mteja wake.

Na utapeli huo umefika hapa. Kila unapokaribia Desemba, watu huiba picha za nyumba nzuri za Diani, wakafungua ukurasa wenye jina tamu, wakapokea amana ya familia nzima iliyojinyima mwaka mzima, kisha wakazima simu. Familia inafika Ukunda usiku na watoto, na nyumba haipo, au ipo na mwenyewe hana habari. Hasara ya yule mgeni ni ya wote wenye vyumba hapa, kwa sababu safari nyingine hatatuma amana kwa mtu yeyote wa Diani. Hapa mazungumzo ya kweli yanakuwa ulinzi. Mwenye nyumba wa kweli anaweza kupiga simu ya video akaonyesha lango, barabara na sebule wakati uleule mteja anapouliza. Anaweza kuonyesha leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii na kibali cha biashara cha kaunti. Akitumia Till, jina linalomtokea mteja anapolipa liwe lilelile lililo kwenye ukurasa. Jina likiwa la mpwa au la rafiki, mteja ana haki ya kusita. Na mteja akisita asikasirikiwe. Mtu aliyewahi kuumwa na nyoka hushtuka akiona kamba.

Sasa picha. Biashara nyingi hupenda kuwapiga wageni picha na video wakicheza, wakila, wakiogelea, na kuziweka mtandaoni zikawe tangazo. Wengi hawajui kwamba kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na kwamba uso wa mtu ni data yake. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza klabu moja ya Nairobi Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Wakati huohuo shule moja ilitozwa Sh4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Hizo ni pesa za kufunga mkahawa wa ufukweni. Idhini haina ugumu: mgeni aulizwe, akubali kwa ujumbe, na akibadili nia picha iondolewe. Za watoto wa madrasa na wa shule ziachwe kabisa kama mzazi hajaulizwa, hata kama mgeni mfadhili ndiye anayezitaka.

Sheria hiyohiyo inagusa nambari za simu. Mteja akilipa samaki kwa M-Pesa, hakuomba kutumiwa matangazo kila Ijumaa wala kuingizwa kwenye kundi la WhatsApp la watu mia mbili asiowajua. Atoke kundini kimya, au ashtaki. Njia ya heshima ni kumuuliza siku anapolipa kama angependa kujulishwa ofa, na kumwachia nafasi ya kukataa.

Wenyeji wa Kaya Kinondo waliyajua haya kabla ya sheria. Mgeni anayeingia msituni hufungwa kitambaa cheusi, huelezwa yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa, na huongozwa na mtu anayejua. Misitu ya makaya ya Mijikenda iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, na wageni wanaofuata masharti hayo hawalalamiki kwamba wamenyimwa picha. Wanarudi wakisimulia walichoambiwa. Masharti yakielezwa kwa heshima nayo ni mazungumzo.

Kwa mfano wa kikundi kidogo chenye wateja wa mbali kuliko wote, twende Gazi. Mradi wa Mikoko Pamoja ulianza kuuza kaboni mwaka 2013, wa kwanza duniani wa wanajamii kuuza kaboni ya mikoko. Vijiji vya Gazi na Makongeni hulinda hekta 117 za mikoko, na huuza takriban tani 3,000 za kaboni kwa mwaka. Mnunuzi yuko Ulaya. Hajaona mkoko, hawezi kuibeba bidhaa nyumbani, hawezi hata kuigusa. Ananunua neno la watu wa Gazi kwamba miti ipo. Kwa hiyo neno lile hukaguliwa: hupimwa, huandikwa ripoti kila mwaka, na taasisi ya Plan Vivo hulithibitisha. Pesa zimekwenda kwenye maji na shule, na mnunuzi huelezwa zimefanya nini. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Baadaye Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata njia hiyohiyo. Mwenye cottage anaweza kuwaonea wivu kwa umaarufu wao, lakini kinachowabeba ni ripoti, tena ripoti isiyoficha mwaka ambao mambo hayakwenda sawa.

Ni haki pia kusema kwamba biashara haziko peke yao katika ugonjwa wa kutojibu. Ofisi za umma nazo zina kurasa, na mwananchi anayeuliza dawa zimefika lini zahanati yake mara nyingine huletewa picha ya mkutano. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu ombi la habari, na saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu uko hatarini. Mkazi anayeuliza kwa maandishi, kwa jina lake na tarehe, anaitumia sheria hiyo, na aitumie. Kaunti iliyohesabiwa watu 866,820 mwaka 2019 haiwezi kumpigia kila mmoja simu, lakini swali lililoandikwa hadharani linaweza kujibiwa hadharani.

Limebaki jambo la nani anashika simu. Mara nyingi ukurasa huachiwa kijana wa nyumbani kwa sababu anajua TikTok. Anajua kuhariri video, lakini hajui bei ya chumba wala hajui kama boti la kesho limejaa, basi ananyamaza, na mteja anaziona tiki mbili za buluu bila neno. Kijana apewe bei, apewe kalenda ya vyumba, apewe ruhusa ya kuomba radhi na kurudisha pesa hadi kiasi fulani bila kumsubiri mwenye mali aamke. WhatsApp ya biashara, iliyotoka mwaka 2018 na ambayo ni ya bure, inaweza kujibu yenyewe usiku kwamba ujumbe umefika na utajibiwa saa mbili asubuhi. Ahadi hiyo ikiwekwa, saa mbili ifike na jibu. Kiswahili kijibiwe kwa Kiswahili, Kiingereza kwa Kiingereza, na Mjerumani aandikiwe hata mstari mmoja kwa lugha yake ukiwezekana.

Na usiku wa leo kuna kazi ndogo. Kila mwenye ukurasa aufungue, ateremke chini mpaka Desemba iliyopita, atafute maswali yaliyolala bila jibu. Yatakuwapo. Aliyeuliza bei ya Krismasi alishakwenda kwingine, lakini aandikiwe kwa jina lake kwamba samahani, ujumbe wake haukuonekana, na bei ya mwaka huu ni hii. Baadhi hawatajibu. Baadhi watauliza kama chumba kina neti.

Wenye maswali wainue mikono, tuanze na kina mama wa nyuma.